Milima ya Ukoo wa Bao

Binti yangu Yinqiu alinunua mchoro wake wa kwanza wa wino mwaka jana. Ni mlima mdogo na mto, kazi ya kijana mmoja wa Hefei ambaye bado yu hai. Aliutundika sebuleni kwake, akanipigia simu niende kuutazama. Nilipofika alinikalisha, akanimiminia chai, kisha akauliza, "Mama, hivi ile michoro ya ukoo ilikwenda wapi hasa? Watu wote wanasema ilichukuliwa."

Ilinichukua alasiri nzima kumjibu. Haya ninayoandika ndiyo niliyomwambia.

Sisi ni ukoo wa Bao wa Shexian, wauza chai. Wa kwanza kuwa na mchoro nyumbani alikuwa baba wa babu yangu, Bao Renshu. Mwaka mmoja wakati wa baridi theluji ilifunga njia za milimani, na mchoraji mmoja msafiri akakwama kwake siku arobaini. Alikula, akalala, akakohoa, na theluji ilipoyeyuka akaenda zake, akaacha nyuma mlima uliozungukwa na ukungu. Renshu hakuwa msomi. Alichosema ni kwamba akiutazama mlima ule mgongo unaacha kumuuma. Basi akaanza kutafuta mingine.

Babu yangu aliendeleza. Alikuwa na duka la chai Shanghai, na kila aliporudi nyumbani kwa sikukuu ya mwaka mpya bibi alitazamia vitambaa, akapata milima. Ndege za Wajapani zilipoanza kuangusha mabomu, babu alikimbilia vijijini na sanduku la mti wa kafuri mgongoni, michoro yote ndani na turubai juu yake, huku bibi amembeba shangazi yangu mdogo kwenye mvua. Bibi alikuwa akisimulia kisa hicho kila akipata mgeni: "Nikamwambia, angalau mfunike mtoto na hilo turubai. Akasema, mtoto akilowa anakauka, hii hailowi mara mbili!"

Kila mtoto aliyezaliwa ukooni alichaguliwa mchoro wake. Wangu ulikuwa wa theluji. Kulikuwa na daraja la mbao juu ya korongo, na mtu mmoja mwenye mwavuli akivuka, mdogo kama punje ya mchele. Hakuwa na uso. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza baba yule mtu anakwenda wapi, naye akanijibu kwamba nikikua nitamwambia yeye.

Baba yangu, Bao Huaijin, alikuwa mwalimu wa fasihi katika sekondari ya mjini. Yeye aliongeza michoro mitatu tu, maana mshahara wa mwalimu haufiki mbali, na kwa hiyo yote ikawa thelathini na saba. Kila mwezi wa kumi, mvua zikiisha na hewa ikikauka, aliifungua na kuitundika kuuzunguka ua wa katikati ya nyumba, ule unaoingiza mwanga kutoka juu. Mama yangu, Cheng Yue'e, alizaliwa na wachuma chai na hakwenda shule hata siku moja. Alisimama pale na kitambaa cha vumbi mkononi, akatikisa kichwa.

"Wake wenzangu wanaota jua leo," alisema. "Thelathini na saba! Hata mfalme angeomba kupumzika."

"Wewe ndiye mke mkubwa," baba alimjibu bila kugeuza macho.

"Mke mkubwa gani anayewapangusa vumbi wadogo?"

Walicheka. Nakumbuka walikuwa wakicheka sana, wale wawili.

Mwaka 1966, mwezi wa nane, wanafunzi wa baba walivaa vitambaa vyekundu mikononi, wakaanza kuwawinda walimu na kila kitu cha kale. Wiki ya kwanza walimfanya afagie vyoo vya shule, akawa anarudi nyumbani jioni. Wiki ya tatu hakurudi. Walimfungia kwenye ghala la makaa pamoja na walimu wengine. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Siku ya nne tangu afungiwe, Mzee Jiang alikuja kwetu. Alikuwa jirani yetu na mpishi wa shule, mtu wa mzaha, lakini siku hiyo hakukubali hata kukaa.

"Shemeji, mimi sikuja hapa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Wamebandika karatasi ukutani. Wanasema Mwalimu anaficha mchoro ambao marehemu baba yake alipewa zawadi na Qian Boheng."

Mama alishika ukingo wa meza. Jina hilo hata mimi nililijua. Qian Boheng alikuwa rafiki wa babu enzi za Shanghai. Baadaye akawa mkubwa katika serikali ile iliyoshindwa vita, akakimbilia Taiwani.

"Kuna jina lake kwenye mchoro huo na jina la ukoo wenu, na maneno ya udugu," Mzee Jiang alisema. "Watakuja kupekua, labda kesho kutwa. Mwalimu wa hesabu walimkuta na barua moja tu, shemeji. Barua moja."

"Na sasa yuko wapi?"

"Usiniulize yuko wapi."

Alipoondoka, mama alifunga mlango na komeo, akaniita tukaburuta lile sanduku hadi uani.

"Xilan, wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Nitafutie hilo jina. Tuutoe huo mmoja, mingine waje waichukue wakitaka."

Nikaifungua mmoja mmoja. Na hapo ndipo nilipoona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Maandishi ya kwenye michoro ya zamani si herufi za vitabuni. Ni mkono wa haraka, neno linaingia ndani ya neno, na mihuri nayo ina herufi za kale ambazo hakuna anayezitumia tena. Baba aliyasoma kama mtu asomaye gazeti. Mara ngapi alitaka kunifundisha! Nami nilimwambia kesho, baba, leo nina mazoezi ya kuimba. Nilipitia mchoro wa kwanza hadi wa mwisho, nikarudia. Michoro kumi hivi ilikuwa na maneno yaliyoelekea kuwa jina. Mingine sikujua hata maandishi yanaanzia juu au pembeni.

"Ni upi?" mama aliuliza.

"Sijui."

"Kisia."

"Mama, sijui. Nikikosea je?"

Hatukuwa na mtu wa kumuuliza. Kumuuliza mtu ilikuwa ni kujishtaki. Mama alikaa juu ya kizingiti cha ua kwa muda, akiitazama ile milima yote iliyotandazwa juu ya mawe. Halafu alisimama, akajaza maji lile pipa kubwa la mbao tulilofulia mablanketi.

"Tusichome," alisema. "Moshi wa karatasi na gundi unanuka. Mtaa mzima utajua."

Nilidhani wino ungeyeyuka. Nilidhani tungetumbukiza, maji yawe meusi, basi. Lakini wino mzuri ukishakauka miaka mia mbili hauogopi maji. Ilikuwa kinyume kabisa. Karatasi zile zilizokuwa zimefifia na kuwa za manjano zilipolowa, ile milima ilirudi nyeusi na mbichi, kama vile mchoraji ameinua brashi sasa hivi. Miti ilitokeza. Niliona njia za mlimani ambazo sikuwahi kuziona. Mama naye aliona, nikamsikia anavuta pumzi.

"Wake wenzangu," alisema kwa sauti ndogo, "mnisamehe. Ni yeye au ninyi."

Kisha akaingiza mikono, akaanza kuchana.

Nilianza na wangu. Sikutaka mwingine auchane. Yule mtu mwenye mwavuli alibaki kwenye kipande kidogo kilichoganda kwenye kiganja changu, nikamsugua kwa kidole gumba mpaka karatasi ikawa uji.

Tulifanya kazi hiyo tangu kabla ya chakula cha mchana hadi jua lilipoacha kuingia uani. Uji wa karatasi tuliubeba kwa ndoo za chakula cha nguruwe, tukaumwaga kwenye shimo la choo. Vijiti vya kukunjia, viwili kwa kila mchoro, tulivipanga pamoja na kuni. Tulipokuwa tukivipanga ndipo mama alipovihesabu, mara moja, mara mbili, halafu akaniangalia.

"Seti thelathini na sita," alisema. "Mmoja uko wapi?"

Tulipekua nyumba nzima. Tulitazama chini ya vitanda, kwenye mapipa ya mchele, nyuma ya picha ya mababu. Hatukuuona. Kama ule uliosalia ndio wenyewe, na umefichwa mahali ambapo wao watapaona na sisi hatukupaona! Mama hakulala wala hakula siku mbili.

Walikuja siku ya tatu. Walikuwa zaidi ya ishirini, baadhi nilisoma nao darasa moja. Walivunja sakafu chumbani kwa baba na hawakukuta kitu. Kiongozi wao akapiga teke lile sanduku tupu.

"Michoro iko wapi?"

Mama aliinama, akajibu kwa sauti ya mwanamke mjinga wa shamba, sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. "Si wenzenu walishachukua, wanangu? Juzi. Walikuja na mkokoteni. Mimi najuaje kuwatofautisha, wote mna vitambaa vyekundu."

Siku zile makundi yalikuwa mengi na kila kundi liligombana na jingine. Walitukana, wakasema ni wale wa shule ya ufundi, wakaondoka wakikimbia kuwahi kuwatafuta.

Ndivyo uongo ule ulivyozaliwa. Baba hawakumkuta na lolote la kumwua. Walimpeleka shamba la kazi upande wa pili wa mkoa, akakaa huko miaka sita.

Mama hakujua kuandika, kwa hiyo barua za kwenda kwa baba niliandika mimi, yeye akisema. Nilipofika kwenye habari za michoro, kalamu ikasimama.

"Andika walichukua," mama alisema.

"Kwa nini tusimwambie kweli? Barua zinafunguliwa, sawa, lakini siku moja akija—"

"Hata akija. Baba yako akisikia imekufa, na yeye atakufa kulekule. Akisikia imeibwa, atataka kuishi aifuate. Nimelala na mtu huyu miaka kumi na minane, namjua. Niapie, Xilan."

Nikamwapia. Nikaandika: walikuja watu wengi, wakachukua yote.

Jibu lilifika baada ya miezi miwili. Mama alikuwa anakata mboga. Aliniambia nisome, nami niliposoma kimoyomoyo mistari ya mwanzo nikataka kuikunja.

"Soma," alisema. "Kama ilivyo. Usinipunguzie."

Baba alikuwa ameandika: "Babu yangu aliilinda, baba yangu aliibeba mgongoni chini ya mabomu. Nilikuachia siku nne tu, nawe ukawafungulia mlango. Sikulaumu kwa kuwa hukusoma. Lakini sijui tena nikuandikie nini."

Mama aliendelea kukata. Kisha akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Alimaliza kukata mboga zake, akazitia kwenye sufuria.

"Mwandikie kwamba nimemtumia soksi za sufu," alisema. "Mwambie avae mbilimbili, miguu yake inapata baridi upesi."

Baba hakumwandikia tena mama. Aliniandikia mimi. Chini ya kila barua mstari mmoja: msalimie mama yako. Mama alinitaka nimsomee na huo.

Mama alikufa wakati wa baridi mwaka 1970, kwa kifua. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Siku za mwisho nilimwomba aniachilie kiapo, nimwambie baba kweli. Alitikisa kichwa. "Akisharudi nyumbani," alisema, "na akishanenepa kidogo." Baba alipewa ruhusa ya siku mbili, akafika tumeshamzika. Alisimama kaburini mikono ikiwa mifukoni, akashuka, akaingia ndani ya nyumba. Akafungua lile sanduku, akatazama ndani yake, akalifunga. Nilimchukia siku hiyo. Nilimchukia na kumpikia.

Alirudi moja kwa moja mwaka 1972, mifupa mitupu. Alinenepa kidogo, nami sikumwambia. Nilijiambia nisubiri apate nguvu, baadaye apate kazi, baadaye nijifungue kwanza. Halafu, mwaka 1979, serikali ikatangaza kwamba vitu vilivyochukuliwa miaka ile vitarudishwa kwa wenyewe, na baba akawa mtu mwingine. Alinyoa ndevu. Alinunua daftari, akaandika kwa kumbukumbu kila mchoro, ukubwa wake, mihuri yake, mpaka doa la chai kwenye pembe. Nilikuwa nikiliona daftari lile mezani, naondoka kabla sijashiba.

Vitu hivyo viliwekwa kwenye ukumbi wa zamani wa ukoo mmoja nje ya mji, rundo kwa rundo. Baba alikwenda kila Jumatano kwa miaka mitano. Mtunza ghala, Bwana Hu, alimzoea.

"Mwalimu Bao, umekuja kazini?"

"Nimekuja. Umeniwekea nini?"

"Vumbi la kutosha. Na kiti chako, usije ukaniangukia hapa."

Vuli ya mwaka 1984 macho ya baba yalikuwa yameanza kuzimika, akaniomba niende naye. Kulikuwa na watu kumi hivi. Bwana Hu alikuwa amefungua rundo jipya. Baba alipita akiinama karibu kabisa na karatasi, pua ikikaribia kuzigusa, mara akasimama.

"Xilan! Njoo. Njoo uone!"

Ulikuwa mchoro wa theluji. Kulikuwa na korongo, na daraja, na mtu akivuka. Pembe ya chini ilikuwa imekatwa, mahali ambapo mihuri ingekuwa.

"Ni wako," baba alisema. "Mwanangu, ni wako. Umerudi."

Nyuma yetu bibi mmoja mzee aliinuka kutoka kwenye benchi. Tulikuja kujua anaitwa Bi Xu. "Samahani, mwalimu," alisema kwa adabu. "Huo ni wa marehemu mume wangu. Ile pembe niliikata mimi mwenyewe nilipokuwa naushonea ndani ya godoro."

"Mama, unakosea."

"Sikosei. Nimeulalia mwaka mzima kabla hawajaugundua."

Na baba yangu, mtu ambaye hakuwahi kumpandishia sauti hata mwanafunzi mtoro, alimwita mwanamke yule mwizi. Alipiga kelele. Alisema ukoo wake umeibiwa vya kutosha, kwamba kila mtu amezoea kuingiza mkono kwenye nyumba ya Bao. Bi Xu alianza kulia. Bwana Hu alijaribu kumshika bega, akamsukuma.

"Muulize binti yangu!" alisema. "Ni mchoro wake tangu kuzaliwa. Xilan, waambie!"

Watu wote walinitazama.

"Baba, si wangu."

"Tazama vizuri."

"Si wangu, baba."

"Unajuaje? Hujaugusa kwa miaka kumi na minane!"

"Kwa sababu niliuchana," nikasema. "Niliuchana kwa mikono yangu mwenyewe, ndani ya pipa la kufulia. Mimi na mama. Yote."

Sikumbuki tulitokaje. Nakumbuka tumekaa kwenye ngazi za mawe kando ya mto, wanawake wakifua hatua chache chini yetu, nami nikimwambia kila kitu: Mzee Jiang, ile karatasi ukutani, maandishi niliyoshindwa kuyasoma, maji, kiapo. Baba hakunikatiza. Nilipotaja jina la Qian Boheng alifumba macho, na hakuyafumbua hadi nilipomaliza.

"Vijiti vilikuwa seti ngapi?" aliuliza.

"Thelathini na sita. Mmoja hatukuuona kamwe."

Mwanamke mmoja alisuuza shuka, akalikamua, akaliweka kapuni.

"Niliuchoma mimi," baba alisema. "Ule wa Qian. Niliuchoma jikoni, mama yako alipokwenda sokoni, wiki moja kabla hawajanifungia. Niliona aibu. Ulikuwa zawadi aliyopewa baba yangu. Nikasema nitamwambia, siku nikipata maneno."

Nilimtazama. Hakuwa na haja ya kunieleza zaidi. Tuliiua milima thelathini na sita kwa ajili ya mmoja ambao ulikuwa majivu tayari. Lakini haikuwa milima iliyomwinamisha kichwa hivyo.

"Ile barua yangu," alisema. "Nani alimsomea?"

"Mimi."

"Yote?"

"Alitaka yote. Mara mbili."

"Akasema nini?"

"Akasema nikuandikie kuhusu soksi."

Baba alifunika uso kwa mikono miwili. Nilikuwa nimemwona akirudi kutoka shamba la kazi, nilikuwa nimemwona kaburini, lakini sikuwahi kumsikia akilia. Wale wanawake chini walinyamaza, wakakusanya nguo zao, wakasogea mbali.

Jumatano iliyofuata alikwenda ghalani mara ya mwisho, kumwomba radhi Bi Xu. Alimpelekea chai ya milimani kwetu. Sijui waliongea nini, ila alirudi jioni. Lile daftari sikuliona tena mezani na sikuuliza.

Baada ya hapo alikuwa akipanda kaburini kwa mama kila asubuhi, mvua au jua, mpaka miguu ikakataa. Siku moja nilimfuata na mwavuli maana kulikuwa na manyunyu. Alikuwa amechuchumaa, anang'oa majani, anamsimulia mambo ya nyumbani: mume wangu amepata kazi ya umeme, Yinqiu ameng'oka jino. Mambo ambayo mtu angemwandikia mkewe kwa barua. Niligeuka nikamwacha.

Aliniomba azikwe pale pale, kando ya mama na jamaa zake, si kwenye safu ya wanaume wa ukoo. Baba zangu wadogo walipiga kelele, wakasema mwana mkubwa wa Bao hawezi kulala kati ya wachuma chai. Niliwaambia watakaobeba jeneza hadi kwingine wanyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha.

Alikufa mwezi wa nne mwaka 1987, majani mabichi ya chai yanapochumwa na hakuna mtu mwenye nafasi. Waliokuja mazishini hawakufika ishirini. Bi Xu alikuja, peke yake, na fimbo yake. Alisimama hadi udongo wa mwisho. Watu walipoanza kushuka alinishika mkono.

"Ulikuwa unafanana na mchoro wenu kweli?" aliuliza. "Ule wangu?"

"Sana. Ila kwenye wangu mtu alikuwa na mwavuli."

Alifikiri kidogo. "Kwenye wangu amebeba kuni," alisema.

Tukashuka naye polepole, kwa sababu ya mguu wake. Njiani alinionyesha nyumba ya mwanawe, akaniambia nikipita upande ule nisipite tu, niingie.